Amin Hakuanza 1971

Idi Amin niliyekua naye mimi alikuwa Mkenya. Aliitwa Joseph Olita, mtu wa Siaya, na sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye kanda za video, na baadaye kwenye sidii, zilizozunguka nyumba kwa nyumba hapa Kuze, zikishuka Kibokoni na kurudi zimekwaruzika. Filamu yenyewe ni The Rise and Fall of Idi Amin, ya mwaka 1981, ya Sharad Patel. Sidhani kuna mtu wa rika langu Mji wa Kale ambaye hajaiona japo nusu. Wazee walituzuia, kwa hivyo tuliiona sote. Olita alimpatia Amin mpaka Mira Nair alipohitaji Amin wa dakika chache katika Mississippi Masala (1991) akamwita yeye yeye. Olita alifariki 2014, na kuna watu mpaka leo wakionyeshwa picha ya Amin halisi huitazama kidogo kama waliouziwa feki.

Hivi majuzi nimeziangalia tena hizo mbili, nikaongeza mbili nyingine: The Last King of Scotland ya Kevin Macdonald (2006), na ile ya Barbet Schroeder ya 1974, General Idi Amin Dada, ambayo si ya kuigiza, ni Amin mwenyewe mbele ya kamera. Nilitaka kuandika kuhusu uigizaji. Nimeishia kuandika kuhusu tarehe. Kwa sababu filamu hizi zote, nzuri kwa mbovu, zinaingia kwenye hadithi wakati jamaa anakikalia kiti au ameshakikalia. Tarehe 25 Januari 1971, au baada ya hapo. Ndiyo maana ukimaliza kuziona unabaki na swali moja tu: huyu mtu alikuwa mwendawazimu wa aina gani? Swali tamu la kupigia soga. Lakini si swali la maana sana. La maana ni nani alimfundisha kwamba katiba ni kitu kinachoweza kusogezwa kwa bunduki. Kwa hilo lazima urudi nyuma miaka mitano, hadi 1966, na huko hakuna kamera.

Nianze na The Last King of Scotland, kwa sababu ndiyo bora na ndiyo inayopotosha zaidi. Imetokana na riwaya ya Giles Foden ya 1998, na mhusika wake mkuu ni daktari kijana wa Scotland, Nicholas Garrigan, ambaye hajawahi kuwepo duniani. Forest Whitaker alipata Oscar kwa kumcheza Amin, na alistahili. Alijifunza Kiswahili, alijifunza kodiani, alijifunza jinsi Amin alivyokuwa akicheka nusu, halafu anakata. Shida yangu haiko kwake.

Shida yangu iko kwenye umati. Mapema tu katika filamu Amin anahutubia watu, mapinduzi yakiwa bado mabichi, na watu wanaruka, wanaimba, wanapagawa. Garrigan anatazama naye anapagawa. Macdonald anaipiga picha furaha ile kama hali ya hewa: jua kali, ngoma, Waafrika na furaha zao, na jitu moja lenye mvuto. Hakuna anayekwambia kwa nini wanafurahi. Mtazamaji wa London au Chicago anaondoka akidhani walifurahi kwa sababu hawakujua. Walijua sana. Sehemu kubwa ya waliocheza barabarani Kampala ile Januari walikuwa Baganda, na walikuwa wakisherehekea kuanguka kwa Milton Obote, mtu aliyeivunja katiba iliyowalinda, akalituma jeshi kwenye jumba la mfalme wao. Na aliyeliongoza jeshi hilo siku hiyo ni nani? Ni Amin huyo huyo waliyekuwa wakimshangilia.

Hebu tua hapo kidogo. Mtu alilishambulia jumba la Kabaka mwezi Mei 1966. Miaka mitano baadaye anapindua serikali, anawafungulia wafungwa wa kisiasa, anaurudisha mwili wa Kabaka Mutesa kutoka London alikofia uhamishoni 1969, anauzika kwa heshima zote Kasubi, na watu wale wale waliolia kwa ajili yake wanamshika mkono. Mwandishi wa tamthilia angekesha akiomba dua apewe kisa kama hicho. Macdonald alikuwa nacho bure, akakiacha, akachagua mapenzi ya kubuni kati ya daktari na mke wa Amin.

Basi turudi nyuma, na tuanze nyumbani, maana Mkenya ana sababu ya kulijua hili kwa ghibu.

Amin aliingia King's African Rifles 1946. Alipigana Kenya wakati wa Mau Mau. Mwaka 1962 alikuwa luteni, mmoja wa Waafrika wachache wa Uganda waliopewa cheo cha uofisa, akapelekwa upande wa Turkana kuzima wizi wa ng'ombe. Watu wa Turkana waliuawa, na lawama zikamwangukia kikosi chake na yeye. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alitaka kujua afanywe nini, na kwa kuwa uhuru ulikuwa umebaki miezi tu, akamuuliza Obote, waziri mkuu. Obote akashauri asishtakiwe, akaripiwe tu. Hesabu ya kisiasa: maofisa weusi ni wachache, uhuru uko mlangoni, hatuwezi kumfunga mmoja wao sasa. Ukiitazama peke yake ni hesabu inayoeleweka. Waliokufa walikuwa wafugaji wa mpakani ambao hawakuwa na mbunge wa kuwapigia kelele.

Halafu Januari 1964. Ndani ya wiki moja majeshi matatu yaliasi, Tanganyika, Uganda na Kenya, kwa madai yale yale: mishahara, na maofisa wa Kizungu waondoke. Wanajeshi wa Uingereza wakaitwa kote kutatu. Tofauti ilikuja baadaye. Nyerere alilivunja jeshi lake akaunda jipya. Kenyatta aliwapeleka waasi wa Lanet mbele ya mahakama ya kijeshi. Obote, ambaye waziri wake Felix Onama alishikwa na askari kule Jinja, aliwaongezea mishahara. Na Amin akapanda cheo. Nikisema filamu zinaanza katikati nina maana hii: kabla mtu huyu hajawa kichekesho cha dunia, alishajifunza mara mbili kwamba nchi hii ukiipiga, inakulipa.

Sasa tuingie kwenye mgogoro wenyewe, ambao hadithi yake ni ndefu nami nitauruka upande wa mashina. Katiba ya uhuru, ya Oktoba 1962, ilikuwa kitu cha ajabu: Buganda ilipewa hadhi ya shirikisho, falme nyingine zikapewa kidogo, wilaya zilizobaki zikaungwa na serikali kuu. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa II akafanywa Rais wa nchi nzima, na Obote waziri mkuu. Chungu kimoja, mapishi mawili. Kura ya maoni ya 1964 kuhusu maeneo ambayo Bunyoro iliyadai kutoka Buganda ndiyo iliyovunja urafiki, maana Buganda ilishindwa na Obote akayakubali matokeo.

Katikati ya ugomvi huo likaingia suala la dhahabu. Obote alikuwa akiwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo, na mtu wake wa kazi hiyo alikuwa Amin. Dhahabu na pembe za ndovu zilikuwa zikivuka mpaka. Tarehe 4 Februari 1966 mbunge mmoja, Daudi Ocheng, alisimama bungeni akazungumzia akaunti ya Amin katika Benki ya Ottoman, yenye zaidi ya shilingi laki tatu, akataka asimamishwe kazi ili achunguzwe. Obote alikuwa ziarani kaskazini. Bunge likapitisha hoja, na aliyepinga alikuwa mmoja tu. Fikiria sinema hiyo: mtu mmoja na karatasi ya benki, ukumbi mzima, na askari ambaye hayumo ndani lakini kila mtu anamfikiria.

Obote aliporudi, hakumsimamisha Amin. Tarehe 22 Februari, baraza la mawaziri likiwa limekaa Entebbe, watu wenye silaha waliingia wakawachukua mawaziri watano: Ibingira, Kirya, Lumu, Magezi na Ngobi. Amin akapewa uongozi wa jeshi, na mkubwa wake Shaban Opolot akasogezwa pembeni kwa cheo chenye jina zuri. Tarehe 24 Obote akaisimamisha katiba. Tarehe 15 Aprili akaleta mpya, wabunge wakaambiwa waipitishe kwanza, nakala zao watazikuta kwenye vishubaka vyao vya barua. Ndivyo ilivyopata jina lake, katiba ya vishubaka. Hapa Mji wa Kale kishubaka ni kile kidirisha kipofu cha ukutani, mahali pa kuweka msahafu, taa, udi na vyombo vya china. Sijui kwa nini neno hilo linaniuma zaidi likiwa huko kuliko mizinga.

Mizinga ilikuja Mei. Lukiiko, yaani bunge la Buganda, iliitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Tarehe 24 Mei jeshi, chini ya Amin, lilipanda kilima cha Mengo. Kabaka na walinzi wake walipigana kwa saa kadhaa, mvua kubwa ikanyesha, naye akaruka ukuta, akapata teksi, akatoroka hadi Burundi na mwishowe London. Teksi! Rais wa nchi na mfalme wa jadi anasimamisha teksi akiwa na matope miguuni. Kama hii ingekuwa imetokea Scotland tungekuwa na filamu tatu.

Nimtendee Obote haki. Mutesa mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliwauliza Waingereza kama wangeleta askari mambo yakiharibika, na rais wa heshima tu hana mamlaka ya kuomba majeshi ya kigeni. Opolot alikuwa mtu wa upande wa ikulu. Obote aliamini wenzake walikuwa wakimchimbia, na huenda aliamini sawa. Simwandiki kama shetani wa pili. Ninachosema ni kwamba alikuwa na bunge, alikuwa na tume ya uchunguzi aliyoiunda mwenyewe kuhusu dhahabu, alikuwa na mahakama, na katika njia zote alichagua mtu ambaye bunge lilitaka achunguzwe ndiye amalize ubishi. Baada ya hapo ungemwambia nini Amin kuhusu mipaka ya jeshi? Alikuwepo siku mipaka ilipofutwa. Yeye ndiye alikuwa kifutio.

Halafu kuna maandishi ambayo kwangu ni mazito kuliko filamu zote nne, nayo ni hukumu ya mahakama. Kesi ya Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, maarufu kama ex parte Matovu, ya 1966. Michael Matovu alikuwa chifu wa saza katika Buganda, amewekwa kizuizini, na mawakili wake wakasema katiba mpya si halali, kwa hiyo kumfunga si halali. Majaji watatu wa Mahakama Kuu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnigeria, walilazimika kujibu: je, tunakaa chini ya katiba gani? Wakamwendea mwanafalsafa wa sheria wa Austria, Hans Kelsen, na kesi ya Pakistan ya 1958 iitwayo Dosso. Hoja kwa lugha ya barazani ni hii: mapinduzi yakifaulu, yakashika nchi, yakatiiwa, basi yenyewe yamekuwa chanzo kipya cha sheria. Huulizi tena kama mwizi aliingia kwa mlango au kwa dirisha. Ukikuta anapika jikoni, ndiye mwenye nyumba.

Wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki wanaisoma kesi hii mpaka leo. Wengine wanaisifu, kwa sababu katika sehemu nyingine ya hukumu majaji walikataa kulitupa ombi la mfungwa kwa makosa ya karatasi tu, wakisema uhuru wa mtu ni mkubwa kuliko fomu. Ni kweli, na ndicho kinachoifanya hukumu iwe ya kusikitisha badala ya kuwa ya aibu tu. Imeandikwa na watu makini, wenye elimu, wenye nia njema kwa mfungwa aliye mbele yao, na wakiwa katika utulivu huo wa Kiingereza safi wanamkabidhi ufunguo mtu yeyote mwenye kifaru. Pakistan yenyewe iliikataa Dosso mwaka 1972. Kwa Uganda ilikuwa imechelewa mwaka mmoja.

Na Amin alipofika redioni tarehe 25 Januari 1971, au tuseme askari wake alipofika, alisoma sababu 18 za mapinduzi. Miongoni mwazo ni watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Askari aliyevunja jumba la mfalme kwa niaba ya serikali sasa anailaumu serikali kwa kuvunja sheria, na ana hoja! Alikuwa na hoja kamili. Ndiyo maana watu walicheza ngoma.

Nirudi kwa Schroeder, maana filamu yake naipenda na sitaki ionekane nimeiweka fungu moja na zile nyingine. Amin aliiruhusu itengenezwe akidhani itamtukuza. Anapiga kodiani, kodiani ile ile tunayoijua sisi kwenye taarabu. Anapanda mashua akazungumza na tembo na mamba. Anaogelea mashindano na kuwapita watu ambao wameamua mapema kupitwa. Anafanya mazoezi ya kijeshi ya kuiteka milima ya Golan kwa askari wachache na helikopta. Ni vichekesho, na Schroeder anakuacha ucheke. Halafu linakuja baraza la mawaziri: watu wazima, suti, kalamu mkononi, wanaandika kila anachosema kama wanafunzi wa chuoni. Kamera inapita usoni mwao taratibu. Waziri wa mambo ya nje anayekaripiwa muda huo, msimulizi anatujulisha, alikutwa mtoni amekufa. Mimi kicheko changu kiliishia hapo, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Amin alipoisikia filamu inavyopokelewa aliwashika raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda mpaka Schroeder alipokata dakika mbili na nusu hivi. Sijui mhakiki gani mwingine wa filamu aliyewahi kupata matokeo ya haraka hivyo.

Lakini hata hapo, kwenye picha zinazobaki kichwani baada ya kuzima, hakuna hata moja ya 1966. Unamwona Amin na meza ya mawaziri walionyamaza, na huambiwi kwamba meza ya aina hiyo ilishawahi kuingiliwa na watu wenye bunduki, Entebbe, wakati wa mwenye nchi mwingine, na waliobaki vitini siku ile walinyamaza vivyo hivyo.

Waliosema walikuwepo, tena walikuwa watu wa kazi hii yetu. Kampala kulikuwa na jarida la fasihi, Transition, alilolianzisha Rajat Neogy mwaka 1961. Mbunge Abu Mayanja aliandika humo akiikosoa katiba iliyopendekezwa 1967, kisha akagusa suala la majaji. Oktoba 1968 yeye na Neogy walikamatwa, wakashtakiwa uchochezi, mahakama ikawaachia, na serikali ikawaweka kizuizini vilevile. Serikali ya Obote, si ya Amin. Mhariri wa jarida la hadithi na insha. Kila nikiona watu wanavyozungumza kana kwamba Uganda ilikuwa bustani mpaka nduli alipoingia, namkumbuka Neogy.

Na aliyekuwa akiandika mara kwa mara ndani ya Transition ni mtoto wa hapa hapa Mombasa, Ali Mazrui, profesa wa siasa Makerere, aliyezikwa 2014 kwenye makaburi ya ukoo wake, hatua chache kutoka Fort Jesus. Tunampita kila siku. Mazrui aliondoka Uganda 1973, maisha chini ya Amin yalipokuwa hayawezekani, na mwaka huo huo akatoa makala kuhusu tabaka jipya la Afrika, askari wasio na elimu kubwa wala mali lakini wenye bunduki. Hoja yake, kwa maneno yangu: Marx alituambia tuangalie nani anamiliki njia za uzalishaji, lakini katika nchi changa ambazo hakuna mwenye mali ya kutosha, uangalie nani anamiliki njia za uharibifu. Mwaka 1975 akakitanua katika kitabu kizima, Soldiers and Kinsmen in Uganda. Ni kitabu chenye kasoro. Mazrui alipenda nadharia iliyong'aa kuliko ushahidi uliochosha, na pengine anamtafuta shujaa wa Kiafrika ndani ya Amin muda mrefu kuliko inavyovumilika. Ila kosa la filamu hakulifanya. Kwake Amin hakuanguka kutoka mbinguni 1971.

Kuna jambo moja katika filamu zote hizi ambalo mtazamaji wa Kuze analisikia na wengine hawalisikii, nalo ni lugha. Whitaker anapoingiza Kiswahili chake, sisi tunacheka: Kiswahili gani hicho? Ni Kikeya, Kiswahili cha KAR, cha kambini, kisicho na ngeli wala haya. Kicheko chetu ni cha wenye lugha. Lakini kwa mtu wa Mengo, Mei 1966, hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yetu: ya amri za jeshi. Mwaka 1973 Amin akaitangaza kuwa lugha ya taifa. Na ukienda Kampala ukamuuliza mtu mzima kwa nini watu wake hawakipendi Kiswahili, hatakutajia sarufi. Atakutajia vizuizi vya barabarani. Sisi huku tunahesabu tenzi na mashairi, wao wanahesabu nani alizungumza nacho akiwa amebeba bunduki. Ningependa mtu atengeneze filamu yenye masikio ya namna hiyo.

Upande wetu mwingine wa kumbukumbu ni treni. Mwaka 1972, Wahindi walipopewa siku 90, wengi wao walishuka kwa reli kutoka Kampala hadi Mombasa kupanda meli za kwenda India. Ami mmoja wa barazani kwetu aliyekuwa kuli bandarini anasema jambo moja tu kila ukimuuliza, "Hata watoto walikuwa hawalii, mwanangu." Mississippi Masala inaugusa uchungu huo vizuri kuliko filamu zote, hasa kupitia Jay, wakili wa Kampala anayezeeka Marekani akiishtaki serikali kwa barua. Mwanasheria! Nair, kwa kusudi au bila kusudi, alimpa mtu anayeamini kwamba kesi inaweza kurudisha nchi. Ningempa nakala ya Matovu.

Najua kuna atakayesema: jamani, kwa Amin walikufa watu kwa malaki, wewe watuletea vishubaka? Nasikia. Wala sitaki kulinganisha Obote wa 1966 na Amin wa 1977, mwaka aliouawa Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyechukuliwa na watu wa usalama baada ya kuipeleka FESTAC, Lagos, tamthilia yake ya Kiganda ya nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko. Lakini angalia basi tamthilia yenyewe ilihusu nini: mtu wa chini aliyepanda katika jumba la kifalme akayataka mamlaka. Kawadwa, aliyekuwa katikati ya moto wa Amin, alianza hadithi jumbani, pale ugomvi wa kiti ulipoanzia. Waliokuwa mbali ndio walioanzia kwa jitu.

Na linanihusu sasa hivi, kwa sababu simu yangu imejaa wanajeshi. Wenzangu wananitumia klipu za Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, zimewekewa muziki, kofia nyekundu, ngumi juu. Nawaelewa, wanasiasa wetu wanachosha. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipoingia bungeni Nairobi, serikali ya kiraia kabisa, iliyochaguliwa, iliita jeshi barabarani siku hiyo hiyo, na watu wengi tulibishana kuhusu mabomu ya machozi tukasahau kubishana kuhusu gazeti rasmi la serikali. Oktoba 2022, Muhoozi Kainerugaba alipoandika Twitter kwamba jeshi lake lingeichukua Nairobi ndani ya wiki mbili, tulitengeneza vichekesho usiku kucha. Baba yake aliomba radhi, akamwondoa kwenye uongozi wa jeshi la nchi kavu, na papo hapo akampandisha kuwa jenerali kamili. Machi 2024 akawa mkuu wa majeshi yote. Ukisoma mfuatano huo baada ya kusoma habari za Opolot na Amin, na za Februari 1966, hucheki kwa namna ile ile.

Kama una jioni moja tu, iangalie ya Schroeder, uisimamishe kwenye kile kikao cha mawaziri, uwatazame mmoja mmoja. Kama una mbili, isome hukumu ya Matovu, inapatikana mtandaoni, na ni ngumu kurasa za mwanzo tu. Ya Patel utaikuta kwa jirani. The Last King iache iwe ya mwisho, na ukifika kwenye ule umati unaocheza, punguza sauti ya muziki ujiulize ni akina nani, na Mei 1966 walikuwa wapi.